Karatasi ya Gari la Kulala

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na mi nilikuwa nimekaa nyuma ya mashine yangu ya kuchapa huko Mbugangari, mjini Gisenyi. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, amani ikianza kurudi na watu wakithubutu tena kusafiri bila kuangalia nyuma kila dakika. Wazazi wangu walikuwa wamenirudisha kutoka Goma. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi ya kuwachapia watu barua na matangazo, na nilijiona nimefika.

Nilikuwa na mchumba pia. Aliitwa Kalume, fundi wa magari, mtu mwenye mikono mizuri na maneno mazuri zaidi. Alikuwa amepata gari kuukuu la mizigo, akalikata na kulijenga upya liwe gari la kulala, lenye kitanda, kabati na jiko dogo, ili mtu aweze kwenda kupumzika kando ya ziwa bila kutafuta chumba. Mjini kwetu hatukuwa tumeona kitu kama hicho. Siku hiyo alikuja nimchapie tangazo.

"Andika, Mado," akasema. "Voiture ya kulala. Kitanda ya watu wawili. Mbao yote ya ndani ni libuyu. Mwili ni alumini, haishike kutu."

Libuyu, mwanangu, ni ile mbao ngumu nyekundu ya misitu ya Kongo, ukiigonga inajibu kama mlango wa kanisa. Vidole vyangu vikasimama. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempelekea chakula kwenye uwanja wake wa ufundi, nikaona mbao nyepesi za masanduku zimepangwa ukutani, na kopo la vanishi nyekundu liko wazi juu yake. Libuyu sikuiona hata kipande.

"Ni libuyu ya kweli?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Bon, we uko karani ao uko mukaguzi?"

Nikachapa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mi mawingu niliyaona yote, lakini nilimpenda, na msichana anayependa hujifundisha kutokuona. Nilipomaliza niliisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa nzuri, haina kosa hata la nukta. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Aliyelinunua gari ni Mwalimu Anastazi, mzee aliyestaafu, wa vilima vya Kanama. Mke wake, Mama Verediana, alikuwa na ugonjwa wa mgongo. Hakuweza kukaa kwenye basi hata mwendo mfupi, ila alale chali. Alikuwa amezaliwa kando ya ziwa, na miaka mingi hakuwa ameliona. Mwalimu alitaka kumlaza ndani ya gari lile, amshushe polepole mpaka ufukweni, wakae huko siku chache.

Alikuja na ile karatasi yangu mkononi akiniulizia njia ya kwenda kwa Kalume. Nilimwelekeza. Mwanangu, nilikuwa na nafasi pale ya kusema neno moja tu: "Mwalimu, gonga mbao kwanza." Sikulisema. Nilimtazama akivuka barabara, nikajiambia labda Kalume alinunua libuyu baadaye. Uongo wa kujidanganya mwenyewe hauna shahidi, ndiyo maana ni mwepesi kubeba.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilipokwenda uwanjani kwa Kalume, nilihesabu vipande vya masanduku vilivyobaki na kuona vimepungua sana. Siku moja, Kalume akiwa amekwenda kutafuta tairi, nilichukua sumaku ya redio iliyovunjika nikaigusisha kwenye kipande cha bati kilichobaki alipotengeneza mwili wa gari. Iling'ang'ania. Alumini haishiki sumaku, hata mtoto wa fundi anajua. Nikairudisha mahali pake, nikafuta mikono. Kalume aliporudi aliniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia kichwa kinauma.

Wiki mbili hazikupita, habari ikashuka kutoka juu. Mwalimu alikuwa amemlaza mke wake garini, wamepita salama pale Nyundo, katikati ya njia, wakaanza kuteremka. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, maji yameingia kwenye maungio, mbao zimevimba. Kwenye kona moja miguu ya kitanda ilichomoka, kitanda kikaanguka upande, na kabati likamwangukia Mama Verediana mkononi. Mkono ulivunjika. Abiria wa basi dogo lililokuwa likipita walimtoa.

Nilingoja Mwalimu aende kwa Kalume amfokee. Hakwenda kwanza huko. Alikuja kwangu, mchana, watu wako kwenye foleni. Aliweka juu ya mashine kipande cha mbao ya ndani ya gari lile, kilichovunjika, vanishi juu na ndani nyeupe kama mkate. Kando yake akaweka tangazo.

"Hii karatasi ni yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulijua?"

"Nilishuku," nikasema.

Akakisukuma kile kipande cha mbao karibu yangu. Kisha akasema taratibu, bila kupandisha sauti: "Kalume alinidanganya na mudomo. We ulinidanganya na karatasi. Mudomo yake niliiogopa, binti yangu. Karatasi yako niliiamini."

Watu wa foleni walitazama chini. Mwanangu, nimesikia matusi mengi maishani, na yote yamepona. Hayo maneno bado yana kidonda.

Nilifunika mashine, nikaenda naye. Wazee wanne wa mtaa walikusanyika uwanjani kwa Kalume. Alikana. Alisema hakusema libuyu, alisema rangi ya libuyu, na karani ndiye aliyekosea. Alinitazama akingoja nimkubalie. Nikasimama nikasema yote: masanduku, vanishi, sumaku, na swali langu alilolicheka. Nikasema pia kwamba mi nilichapa nikiwa na shaka, kwa hiyo kosa ni la watu wawili.

"Donc uko upande ya nani?" Kalume akaniuliza mbele ya wote.

"Ya yule mwenye kuvunjika mukono," nikamwambia.

Hatukuoana. Lakini wazee walimlazimisha avunje ndani yote na aijenge upya, na safari hii kwa libuyu ya kweli. Mwalimu alikuja kila siku akakaa kwenye kigoda, akagonga kila ubao kabla haujapigiliwa. Alumini haikupatikana. Mwalimu alikubali bati la chuma libaki, lakini alitaka liandikwe hivyo, nami nikachapa karatasi mpya: mwili ni bati la chuma, litashika kutu lisipopakwa rangi. Haikuwa tangazo la kuvutia mtu.

Siku ya kwenda ziwani ilipofika, nilipanda Kanama kuwaomba msamaha. Mama Verediana alikuwa amelala barazani, mkono umefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama gari, akanitazama mimi.

"Mi sitalala mule ndani," akasema. "Lala we kwanza."

Nikalala. Kutoka Kanama mpaka Nyundo nililala chali kwenye kitanda kile, peke yangu huko nyuma, nikisikia kila msumari, kila kona ikinisukuma ukutani, nikiwaza kama Kalume alificha ubao mmoja wa sanduku mahali Mwalimu asipoona. Nilijua hofu ambayo yule mama aliijua. Tulipofika Nyundo, Mwalimu alisimamisha gari. Mama Verediana, aliyekuwa ameegemezwa mbele kwa mito huku akiuma meno, akauliza: "Kimeshika?" Nikasema kimeshika. Ndipo akakubali kuhamishiwa nyuma. Mi nilishuka, nikarudi mjini kwa miguu.

Basi, mwanangu, sikukatazi kushuku. Shaka ni mgeni anayebisha hodi, na wengi tunakosea kwa kumwacha mlangoni. Mfungulie, muulize amekuja na nini. Gonga ubao, gusisha sumaku, uliza mara ya pili hata ukichekwa, na hasa anayekucheka akiwa ni mtu unayempenda. Na kama kazi yako ni kuandika, kupima au kutia sahihi, usithibitishe kwa jina lako kitanda ambacho wewe mwenyewe usingelala juu yake. Wanyarwanda wanasema ukweli hupita motoni usiungue. Huchelewa tu, na unapochelewa, mtu mwingine huvunjika mkono.

Mungu akupe macho ya kuona, na ulimi wa kusema ulichokiona. Akupe watu wanaoweza kulala usingizi juu ya neno lako.