Tulikwenda kufundishana kumonita mtandao wa duka Chake Chake, keshia wa watu akapoteza kazi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na sina pa kulishusha. Yote yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana Pemba ni ndogo na kila mtu ana mtu wake.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta kwenye chuo kidogo hapa Chake. Nafundisha networking, yaani mitandao ya kompyuta. Vifaa vyetu ni vya kuombaomba, kuna swichi ukiikoholea tu inazima. Kazi naipenda, ila kuna uchovu fulani unalala nao na unaamka nao.

Sasa kuna somo la kumonita mtandao wa biashara ndogo. Unaweka programu kwenye laptop, inakuwa inaviuliza vifaa vyote, upo? unatumia kiasi gani? Halafu inachora grafu. Mtandao ukisuasua, unatazama mstari gani umepanda.

Ubaoni somo hili halieleweki. Nikaona niwapeleke wanafunzi kwenye mtandao wenye watu ndani yake.

Nikamwendea Mzee Salum. Ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini, na ghala lake liko Gombani. Kila ikipita adhuhuri mtandao wake unaganda. Risiti hazitoki, ghala halioni kilichouzwa, wateja wamesimama na gari wanasubiri saruji.

Akafurahi. "Njooni mnitafutie huyo anayekula intaneti yangu."

Nikamwambia, "Mzee, sisi tunatafuta kifaa, si mtu." Akacheka.

Nikaenda na wanafunzi wawili. Nassor, kijana mwerevu ila mdomo unamtangulia. Na Time, binti wa Madungu, mkimya, akikuuliza swali ujue amelifikiria tangu jana.

Tukaweka programu. Kila kifaa kwenye mtandao kina namba yake, wenyewe mnaijua, IP. Wanafunzi wakaziandikia majina kwenye laptop: hii ya ofisi ya Mzee, hii ya ghala, hii ya keshia, hili boksi la kamera za ulinzi.

Keshia alikuwa Bi Raya, mama wa makamo, kwao Kisiwa Panza. Alianza kazi pale duka likiwa bado kibanda. Wanafunzi wangu aliwapenda, kila asubuhi anawaletea chai na mandazi.

Hapa nisimame kidogo. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Aliyekulia huku anajua maana yake. Watu wanaacha kuamkiana, mtu anapita duka la jirani anakwenda kununua mbali. Mzee Salum alikuwa chama kimoja, Bi Raya na watu wake chama kingine. Hawakuwahi kugombana, lakini ilijulikana.

Siku ya kwanza ya kupima, asubuhi umeme ulikatika, ukarudi. Kawaida yetu, hakuna aliyeshtuka.

Adhuhuri ikapita, mtandao ukaganda kama kawaida, na grafu ikapanda. Mimi nilikuwa stoo ya nyuma nahangaika na waya ulioliwa na panya. Mzee Salum akarudi kutoka kula nyumbani kwake, akamwinamia Nassor.

"Mmeona nini?"

"Kompyuta ya Bi Raya, Mzee. Ndiyo inayomaliza mtandao."

Nilisikia sauti ya Mzee kabla sijafika mbele. Wafanyakazi wote wapo, wateja wapo.

"Kumbe ni wewe! Mimi napata hasara, wewe mchana kutwa unaangalia video!"

"Mie hata hiyo video sijui inafunguliwa wapi," Bi Raya akasema.

"Chukua mkoba wako."

Nikaingilia. "Mzee, tafadhali, hatujathibitisha. Tupe muda."

Akanigeukia. "Mashine imesema, Mwalimu. Au mashine nayo ina chama?"

Bi Raya akafunga droo, akamkabidhi ufunguo, akatoka. Hakulia. Nassor alikuwa amekodoa macho kwenye laptop kama vile atapata pa kuingia ajifiche.

Kufika magharibi mji mzima ulikuwa na habari yake: Bi Raya katolewa kwa sababu ya chama, na wanafunzi wa chuo fulani ndio waliotumika. Baba yake Time akanipigia simu. "Mwalimu, mimi nilileta mtoto asome kompyuta. Kumbe mnafundisha upelelezi?"

Nilimwambia tu, "Mzee wangu, nipe subira."

Kesho yake tulirudi, mimi nikiwa na nia ya kukusanya vifaa vyetu tuondoke. Kiti cha keshia kitupu, kompyuta yake imezimwa. Mzee kaenda nyumbani kula. Time akanivuta shati.

"Mwalimu, kompyuta ya Bi Raya imezimwa. Mbona mstari wake unapanda?"

Nikatazama. Kweli. Kompyuta imelala, na jina la keshia linapanda kwenye grafu.

Hapo akili ikanirudia. Umeme ulipokatika na kurudi, ruta, kile kiboksi kinachogawa mtandao, iligawa namba upya. Namba ya Bi Raya ilikuwa imekwenda kwa kifaa kingine, lakini kwenye laptop yetu jina lilibaki palepale. Tukaanza kufuata waya, mmoja mmoja, kwa mkono. Tukafika kwenye boksi la kamera. Nassor akachomoa waya, mstari ukaanguka.

Papo hapo simu yangu ikaita. Mzee Salum, kutoka nyumbani. "Mwalimu, mbona kamera hazionekani?"

Nilikaa chini kwenye mfuko wa saruji.

Mnaelewa? Kila mchana Mzee akila chakula chake, anafungua kamera zote kwenye simu awatazame wafanyakazi wake. Picha zile ndizo zilizokuwa zinaziba njia. Aliyekuwa anakula intaneti ya Mzee ni Mzee.

Mzee aliporudi, Time ndiye aliyemweleza, kwa adabu zote. "Mzee, fungua kamera kwenye simu, halafu zima. Tazama mstari." Akafungua, ukapanda. Akazima, ukashuka. Akarudia tena, na tena.

"Basi mwambieni arudi," akasema.

"Ulimtoa mbele ya watu, Mzee," nikamjibu.

Ijumaa tulivuka kwenda Kisiwa Panza kwa Bi Raya, mimi na Nassor. Tulipofika Nassor alishindwa hata kuketi. "Bi Raya, mimi ndiye niliyekutaja. Nisamehe."

Yule mama akamtazama. "Mwanangu, weye ulisema kompyuta. Yeye ndiye aliyesema mie. Keti unywe maji."

Nikampa salamu za Mzee, kwamba arudi. Akasema atakwenda, ila Mzee aseme kosa lake mbele ya walewale waliokuwepo.

Namshukuru Mungu, Mzee alikubali. Aliwakusanya wafanyakazi akasema, "Nilimkosea Bi Raya. Hakufanya lolote. Kamera zangu ndizo zilizokuwa zinajaza mtandao." Ilimtoka kwa shida, lakini aliisema yote.

Bi Raya akamjibu, "Nimesikia, Mzee Salum. Mungu atusamehe sote."

Akachukua mkoba wake. Mzee akamwonyesha kile kiti. Bi Raya akatikisa kichwa. "Nilikuja kusafisha jina langu. Kazi wape wengine."

Sasa hivi yuko kwao, analima mwani na dada yake. Kazi ya kuinama majini, kwa umri ule. Nikiifikiria nachoka upya.

Mtandao wa Mzee siku hizi unakwenda vizuri kabisa. Tulivipa vifaa namba za kudumu, kamera tukazipunguza. Kwa maana ya somo, tulifaulu.

Nililojifunza: grafu inakuonyesha kifaa, tena kama namba yake ni sahihi. Haikuonyeshi mtu. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo asipewe mtandao wa watu, na tajiri asiyejua tofauti hiyo usimwachie laptop mbele yake.

Wanaofundisha au kufanya kazi hizi, hebu nambieni: mwenye mali akikusimamia kichwani anataka jina, ninyi mnamjibuje? Nauliza kwa dhati, Jumatatu nina darasa jipya.