Besi ya Noti Nne

Mama alikuja mazoezini mara moja tu, siku aliyopumzika kazi yake ya kuwahudumia wazee huko Evere. Tulikuwa watano, tukipiga muziki wa Baroki, wa karne tatu zilizopita, katika kanisa lenye baridi. Mimi nilipiga selo, ile fidla kubwa ya besi, yenye nyuzi za utumbo wa kondoo ambazo hulegea hewa ikibadilika kidogo tu. Nusu ya mazoezi iliishia kwenye kuzikaza.

Siku hiyo tulikuwa na kipande ambacho besi yake ni noti nne zinazoshuka, zinarudiwa mwanzo hadi mwisho, huku fidla zikijipamba juu yake. Mpiga klaveseni, kile kinanda cha kale, alikuwa Mbelgiji mtu mzima. Yeye huandikiwa besi na tarakimu tu. Yaliyobaki huyabuni papo hapo.

Tulipopumzika, mama akanijia. "Kumbe ni wewe njo unabeba bote! Rudilia kidogo."

Nikazirudia zile noti nne. Akaanza kuimba polepole wimbo wa kwaya yao ya Bukavu. Mwisho wa kila mstari aliizungusha sauti kwa namna ambayo mimi nimeona watu wakihangaika nayo darasani miaka mizima. Mpiga klaveseni akaacha kahawa yake, akakaa kwenye kinanda, akamfuata kwa kupiga.

Walipomaliza, yule Mbelgiji akamwambia kwa Kifaransa, "Madame, lazima uimbe nasi mbele ya watu."

Mama akacheka, akanigeukia. "Bon, muniambie tu siku, niombe congé ku kazi."

Siku haikupatikana. Sisi wapiga muziki hatuna mshahara. Kila mwaliko tunaukubali, maana ukikataa ataitwa mwingine na wewe utasahaulika. Mmoja alikuwa Amsterdam, mwingine anafundisha, mimi niko kwenye treni na selo mgongoni. Tukasema baada ya Pasaka. Halafu baada ya likizo.

"Donc, ni lini?" mama aliuliza kila nilipompigia simu.

Kisha akapasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Akapona vizuri, ila sauti haikurudi; ulibaki mkwaruzo. Kikundi nacho kikasambaratika bila hata kuagana.

Jumapili tunasali pamoja Matonge, mtaa wa watu wa kwetu. Kwaya ikianza, mama husimama na kufungua kinywa kama wengine. Mimi humsogelea karibu kabisa, bega kwa bega, lakini simsikii.