Masanduku Matano ya Mto Sabaki

Hannah Kasiva hakuwa mtu wa kutulia kitini. Chai aliinywa amesimama, na wenzake katika ofisi ya maji pale Malindi walimtania kwamba hata kivuli chake kinamwomba apumzike. Mwaka huo wa 1986 alikuwa na sababu. Alikuwa amefunga masanduku matano kando ya Mto Sabaki, kila moja na boya la kupima maji, redio ndogo na betri ya gari. Mto ukifura huko juu, sanduku lipeleke habari ofisini, naye awahi kuwaonya wakulima wa bondeni.

Kazi ilimtoa jasho. Mwanzoni masanduku yalipeleka habari kila robo saa, maji yapande yasipande, na wiki ya pili betri zote zikafa. Basi akayafunza kunyamaza: sanduku lisiseme neno mpaka maji yapite alama. Betri zikadumu miezi, na Hannah akajiona hodari.

Halafu Aprili, mtambo wa redio wa ofisini ukapokea kelele za sanduku la tatu. Hannah akaenda mbio kwa Mzee Jefwa, mkubwa wa wakulima wale, akamwambia bila kusita kwamba mafuriko yanakuja. Watu wakavuna mahindi machanga, wakahamisha watoto na mbuzi, wakangoja siku mbili mlimani. Mto ukajipitia zake, maji ya magoti. Kumbe ilikuwa redio ya mashua ya hoteli moja, iliyotumia masafa yale yale, na mtambo ukaidhania sanduku.

"Mwanangu," Jefwa alimwuliza, "hayo maji yako yamepita njia gani?"

Watu walicheka sana. Hannah alirudi Malindi na aibu yake.

Akayapa masanduku namba za siri, kila moja na zake, zikibadilika kila siku, ili mgeni asijifanye sanduku. Lakini saa iliyo ndani ya sanduku, inayobadilisha namba, hailali, ikawa inaramba betri usiku na mchana. Ukiziba huku, kunavuja kule. Sasa sanduku likikaa kimya hakujua kama mto umetulia au betri imekufa, na kimya hicho kilimwasha kama upupu.

Novemba mvua zikapiga bara, huku Malindi jua likiwaka. Asubuhi moja sanduku la kwanza likasema, na namba zake zilikuwa sahihi. Kwa hesabu ya Hannah, maji yangefika sanduku la pili, karibu na Lango Baya, kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikapita. Kimya. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Akipiga yowe la bure mara ya pili, bondeni hawatamsikiliza tena maisha. Akinyamaza, huenda watu wakasombwa. Tuseme kweli: aliogopa kuchekwa kuliko alivyoyaogopa maji, na kwa hilo alijichukia. Akawasha gari, akaenda kwa Jefwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umetuletea maji?"

"Sijui," Hannah akasema. "Sanduku la kwanza limesema. La pili limenyamaza. Labda maji yametawanyika njiani. Labda sanduku limekufa."

Jefwa akamgeukia.

"Jirani ukimbishia hodi tangu asubuhi, na jana ulimwona mzima, asipoitika utasema amelala?"

"Hapana. Nitaingia nimtazame."

"Basi. Mara ile ulinipa ulilolijua tu. Leo umenipa na usilolijua."

Akamshika mbuzi wake wa kwanza kamba, akaanza kupanda mlima. Wengine walinung'unika, lakini nani angebaki nyuma ya Jefwa?

Maji yalikuja alasiri, mekundu kwa udongo, yamebeba migomba mizima. Yalichukua mahindi, yakachukua vibanda sita. Mtu hata mmoja hayakumpata.

Sanduku la pili lilikutwa limesimama imara juu ya nguzo yake, betri imekufa fofofo. Hannah alilitazama, akalia mbele ya wenzake bila kujificha.

Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameyafunza masanduku yote kutoa salamu moja kila asubuhi, fupi, na namba yake ya siri. Wenzake wakasema afadhali, sasa atakaa kitini. Siku ya kwanza zikaingia salamu nne. Walipogeuka kumwuliza kuhusu ya tano, Hannah alikuwa mlangoni, amekumbatia betri mpya.