Mkanda wa Aili

Hapa Thunder Bay, Kanada, timu za mpira wa magongo wa barafuni zimejitwalia uwanja wa barafu jioni zote. Aili, mpishi wa shule mwenye miaka sitini na moja, hucheza dansi kwa viatu vya kutelezea. Amebakiziwa saa moja tu, Jumanne mchana, kwa dola ishirini. Eti ratiba ya haki! Wenzake bei iliwashinda, wakaacha.

Jana alikuwa peke yake kwenye barafu. Muziki wake ulipoanza, alijifunga mkanda wa rangi ya chungwa, ule unaowaamuru wengine wampishe mwenye zamu.

Nilimcheka kutoka kwenye mashine yangu ya kulainisha barafu, niliyokuwa nimeshaichomoza langoni mwa uwanja. "Dada, akupishe nani?"

"Nyamaza, Arvo! Maisha yangu yote nimewapisha watu. Saa hii nimeilipia."

Nikairudisha mashine nyuma.