Mama Alipomtunza Mwimbaji wa Hull

Harufu ya gundi na karatasi ya manila hunirudisha Riyadh, hata leo nikimsaidia mwanangu kazi za shule. Baba alifundisha hesabu katika shule ya Waingereza, nami nikasoma humo, mtoto wa Tanga katikati ya watoto wenye mashavu mekundu. Mwalimu wetu wa muziki, Madam Hilda, alitubandikisha ramani ya Uingereza ukuta mzima, na kila mji ukapewa msanii wake: Liverpool mwimbaji, Glasgow mchekeshaji, Margate mchoraji. Kwenye Hull, mji wa kwao, alibandika picha yake mwenyewe, akacheka peke yake.

Nyumbani kwetu Al-Suwaidi, mama alinisikiliza masomo huku akisukuma chapati. "Glasgow?" "Mchekeshaji!" "Margate?" "Mchoraji!" Siku moja akaacha kusukuma. "Na Tanga je, mwanangu? Wametubandika wapi?"

Maana mama yangu, jamani, alikuwa mwimbaji wa taarab. Kabla ya kumfuata baba Uarabuni, hapakuwa na harusi ya maana pale Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, bila sauti yake. Riyadh akaacha, majirani wangesema nini? Mimi na mdomo wangu nikalipeleka swali lake kwa Madam Hilda, na Madam, Mungu ambariki, akamwalika. Siku ya maonyesho ya wasanii wa ile ramani, alasiri, ndani ya kampaundi ya walimu, mama ndiye angefunga shughuli kwa wimbo wa kwao.

Wallahi nyumba ilibadilika! Mama alijizoeza bafuni, bomba likimwaga maji ili sauti isivuke ukuta. Akawa anakunywa tangawizi asubuhi na jioni. Baba akamtania, "Mke wangu karudi usichanani," naye anacheka, anaona haya. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Siku ikafika. Madam Hilda, akijipigia piano, alitangulia na wimbo wa Hull, wa mwanamke aliye mbali na kwao. Kiingereza cha mama kilikuwa cha dukani tu, lakini hilo alilielewa. Nikaona machozi yanamshuka. Akanyanyuka, akafungua pochi, akatoa noti, akaishika juu, akaenda mbele taratibu kwa madaha, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu wimbo ukiwagusa. Akamtia Madam noti mkononi. Alikuwa anamtunza.

Piano ikanyamaza. Watu wa nyuma wakacheka. Madam, uso mwekundu, akamrudishia noti kwa upole: "Hapana, mpenzi, hapa hatulipwi." Na baba, badala ya kueleza, akaja mbio akamshika mkono. "Mama Zuhura, kaa chini, unatuaibisha!"

Mama akakaa. Zamu yake ilipofika, Madam alimwita, akamwita tena. Mama akatikisa kichwa. "Sauti imenikauka," alisema. Mimi nilimnunia njia nzima ya kurudi nyumbani, nikiamini kweli katuaibisha.

Baadaye baba alipata kazi Jeddah, tukahamia huko. Tulialikwa harusi za Waswahili, na wanawake waliosikia sifa zake wakambembeleza. "Halas, nimeacha," anasema, kisha anauliza habari za pilau. Baba alijuta, maskini. Nilimsikia akimwomba aimbe jikoni tu, kwa ajili yake peke yake. Hakuimba.

Nilikuwa mtu mzima, nimesharudi Tanga, nilipoketi kwenye taarab nikatazama kwa makini. Bibi mmoja aliinuka kwenye ubeti mmoja tu, akaenda kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima ukajua kuna jambo moyoni mwake. Hakuna aliyedhani ni malipo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama alikuwa akimwambia yule Mzungu, mbele ya kadamnasi: maneno yako ni yangu, mimi na wewe tuko mbali na kwetu. Lo! Na sisi tukamkalisha. Naumia mpaka leo.

Mwezi uliopita nilimwuliza siku ile angeimba wimbo gani. Alikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Nilikuwa nimeutunga mwenyewe," akasema. "Hakuna aliyewahi kuusikia, mwanangu. Na mimi maneno yameshanitoka."