Mama Hakunywa Maji Mchana

Wiki iliyopita nilipita mtaa wa Gerezani, jua la Februari likiwa utosini, nikamwona mwanamke anauza blauzi za mitumba, midomo imemkauka hadi imepasuka. Nikamnunulia maji. Akashukuru vizuri tu, akayasukuma chini ya meza bila kuyafungua. "Nitakunywa jioni, dada." Nilikasirika, ndugu yangu, nikaondoka bila hata kuaga. Jibu hilo nalijua, nimelelewa nalo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, na kila aliyekosa kazi alipata ruksa ya kuuza. Baba alipopunguzwa kazi bandarini alirudi Lindi kulima, akatuacha Kariakoo mimi, mama, na bibi aliyemzaa mama. Tulipanga chini, na juu yetu ilikaa familia ya Kihindu. Mama alitandika turubai barabarani, akamwaga nguo juu yake, akapiga kelele mpaka jua linazama: "Chagua, zote bei moja!" Kivuli hakuna. Choo nacho kilikuwa mbali, na foleni yake usiombe. Kwa hiyo wanawake wa pale hawakunywa maji mchana, wala hawakuona ajabu. Mama alikuwa akisema, "Mteja hamsubiri mtu aliyeko chooni."

Siku moja nimetoka shule, namwona analetwa na wabeba mizigo wawili juu ya mkokoteni. Alikuwa ameanguka juu ya nguo zake. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu kabisa, bila hata tone la jasho. Bibi akamgusa shingo. "Homa hii," akasema, na kwake kila mwili uliopata moto ulikuwa na homa. Dawa ya homa kali ilikuwa nyungu. Akachemsha mwarobaini na mchaichai, akamkalisha mama mbele ya chungu, akamfunika blanketi zito.

Chini ya blanketi mama akaanza kuuza. "Chagua mteja, chagua, hii haina hata doa." Nilicheka, maana sauti ilikuwa ile ile ya sokoni. Bibi hakucheka. "Mashetani hayo yanasema," akanong'ona, akaongeza mkaa. Kisha sauti ikakatika.

Jirani wa juu aliteremka ngazi kwa hasira, amekunja sari mkononi, kuja kulalamikia moshi, kama kawaida yake. Akaona blanketi limelala upande. Akalifunua, akashika shavu la mama.

"Bibi, unampika mwanao?"

Akachukua ndoo yetu, akammwagia. Bibi akapiga yowe, kwani mwenye homa hamwagiwi maji ya baridi, hiyo ni kumuua. Wakanyang'anyana blanketi pale mlangoni, watu wazima wawili, hadi bibi akaishiwa pumzi. Jirani akaniambia nishike kichwa cha mama na kumpepea. Akakamua ndimu kwenye maji, akatia sukari na chumvi kidogo, akamnywesha kwa kijiko. Alitapika. Akamnywesha tena. Niliogopa mno, nikawa nahesabu pumzi zake kifuani.

Hakuinuka upesi, usidhani. Alilala mkekani siku nyingi, kichwa kinamgonga, misuli ya miguu inakaza mpaka analia. Bibi hakuomba radhi, mdomo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Ila kila asubuhi aliuliza kwa sauti ya kusikika uani kote, "Umekojoa?" Siku mkojo ulipotoka, kidogo, mweusi kama chai ya rangi iliyolala, alisema Alhamdulillahi akaangua kilio. Alasiri akapeleka sahani ya vitumbua juu kwa jirani.

Mama akaapa atakunywa maji, na kweli akanywa. Kisha siku moja akaenda chooni, akarudi akakuta mwingine ametandika turubai mahali pake. Walitupiana matusi mpaka wakaamuliwa. Tangu hapo mama hakutia tena maji kinywani kutwa, mwaka hadi mwaka, na chakula chetu kilitoka humo humo.

Nyumba ile imevunjwa, pamesimama ghorofa lenye vioo na vyoo kila sakafu. Bibi tulimzika. Jirani alihamia kwa watoto wake ng'ambo, na sikupata kumshukuru kwa namna inayotosha. Nyungu, ndimu, ugomvi wa moshi, vyote navikumbuka kwa mapenzi, Mungu anisamehe.

Lakini figo za mama zilikuwa zimechoka. Mwisho wake alilala hospitali, miguu imevimba kwa maji ambayo figo hazikuweza tena kuyatoa, na daktari akampimia maji ya kutwa nzima kwenye kikombe kidogo cha kahawa. Yule ambaye maisha yake yote tulimbembeleza anywe, sasa alikuwa anatuomba sisi. "Mwanangu, hata la kulowesha ulimi." Kikombe kilikuwa kimekwisha tangu asubuhi. Nikamfuta midomo kwa kitambaa kibichi, akakinyonya kama mtoto, nami nikashindwa kukivuta.