Kipimo Chini ya Ulimi wa Bibiana

Watu wa kijiji chetu cha Mkunya wanasema mimi, Flora, napenda mno kujua mambo ya watu. Sasa walitaka nijue mambo ya nani, ya mbuzi? Bila macho yangu haya na masikio yangu haya, nani leo angewaelezeni habari za wifi yangu Bibiana? Wenyewe wawili, yeye na mumewe, hawasemi. Ukimuuliza Bibiana atacheka, atakukaribisha mihogo.

Bibiana aliolewa na mdogo wangu Ladislaus akitokea Chiwata, kule chini upande wa Masasi. Ladislaus alikuwa muuza mitumba sokoni Newala, miaka ile nguo za mitumba zilipoanza kumwagwa waziwazi na maduka yakajaa sabuni za kila rangi. Nyumba yao na ya mama yetu zilitazamana, uwanja mmoja, na mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya kuachana na mwanamume ambaye sina haja ya kumtaja. Kwa hiyo hapakuwa na la kunipita. Bibiana alikuwa mpole, mchapakazi, hodari wa kubangua korosho. Ila mtoto hakuwa naye. Kwetu mwanamke aliyekwishazaa anaitwa Mama Fulani. Hata mimi, na ukali wangu wote, ni Mama Petro. Yeye aliitwa Bibiana tu, hata na vitoto vya jirani, na kila alipoitwa hivyo nilimwona anavyomeza mate.

Basi mjomba wake, Mzee Cuthbert, akatoa neno. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto wa dada yake. Akisema rudi nyumbani, unarudi. Alimwambia Ladislaus mbele ya mama: "Msimu wa korosho ukiisha nakuja. Nikimkuta mpwa wangu bado hivi hivi, namchukua nikamtafutie pengine." Bibiana alikwenda nyuma ya nyumba akalia mpaka macho yakavimba. Walikuwa wanapendana wale, msidhani. Wanapendana mpaka inaudhi.

Ndipo safari za Masasi zikaanza. Asubuhi wanadandia lori, jioni wanarudi wamejaa vumbi, na kimya! Mimi chakula hakipiti. Wanakwenda kwa mganga? Wanatafuta kiwanja wahame? Mwishowe nikambana Ladislaus pale mlangoni, sikumpa pa kupitia.

"Dada, kuna daktari mstaafu, anaitwa Lukmani," akasema. "Amefungua zahanati yake karibu na hospitali ya Mkomaindo, siku hizi serikali inaruhusu. Anatibu wasiopata watoto. Anatutibu wote wawili."

"Wawili? Wewe una nini?"

"Ndiyo maana napimwa, nijue."

Jamani! Mwanamume wa Mkunya kupimwa uzazi! Nikamuuliza unapimwaje. Akatazama pembeni. Nikauliza tena. Akasema alipewa kichupa, akaonyeshwa chumba chenye kitasa, na basi dada, niache. Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini nakwambia ukweli, siku ile nilimheshimu mdogo wangu kuliko siku zote. Majibu yalipotoka, yeye mzima. Mirija ya uzazi ya Bibiana nayo mizima. Shida, alisema daktari, ilikuwa yai.

"Yai la nini?" nikamuuliza Bibiana tukimenya mihogo.

"Wifi, kumbe sisi wanawake tuna mayai. Madogo, hayaonekani kwa macho. Kila mwezi linatoka moja. Langu linagoma."

Nikajipapasa tumbo. Nimezaa, nimenyonyesha, na muda wote huo nina mayai wala sina habari! Nikataka kujua kama lina ganda. Akasema naye alimuuliza daktari vilevile, akaambiwa halina.

Akapewa vidonge vya kuliivisha hilo yai, na kipimo cha homa, kile cha kioo. Kila asubuhi akiwa bado kitandani, kabla ya kuinuka, kabla ya kusema hata neno, akiweke chini ya ulimi. Yai likishatoka, joto la mwili linapanda kidogo na linakaa huko juu. Hivyo ndivyo daktari angejua kama vidonge vinafanya kazi. Ladislaus, ambaye hulala mpaka jua limtoe, akiamka anakikuta kioo mezani, anakisoma, anatia nukta kwenye karatasi ya daktari.

Miezi ikapita. Nukta zikawa juu, chini, juu, kama njia ya malori ya kupandia Newala. Daktari akakuna kichwa. Akasema haoni yai likitoka. Akikuta hivi tena mwezi ujao, atasimamisha vidonge. Na korosho zilikuwa zimekwisha kuokotwa, watu wanapeleka magunia kwa wanunuzi. Bibiana akaanza kukonda.

Sasa huyu Ladislaus ana udadisi, tumezaliwa tumbo moja. Tangu kile kioo kiingie nyumbani alikuwa anapima kila kinachopumua. Alimpima mama. Alimpima mbuzi, pa kupimia sipataji, na nikamwambia akikirudisha kinywani mwa mtu bila kukichemsha nitamvunjia. Asubuhi moja natoka kuteka maji, jasho linanitiririka, akaniambia, "Dada, hebu fumbua mdomo." Nikafumbua. Akakisoma, akakunja uso.

"Una homa?"

"Homa ya nini? Si unaona nimetoka bondeni!"

Akasimama pale kama aliyesahau jina lake. Kisha akaita, "Bibiana! Wewe unapima kabla ya maji au baada ya maji?"

Bibiana akainamisha kichwa. "Baada," akasema.

Lo! Hapo mtanielewa tu mkijua maji yetu. Juu huku hakuna mto. Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imekufa zamani, na wanawake tulishuka bondeni kukiwa bado giza, kwa kundi, tukiitana mlangoni. Mke wa mtu anaamka, anamwamkia mama mkwe, anabeba ndoo. Hayo si kazi za siku. Hayo ndiyo kuamka kwenyewe. Atalala vipi na kioo mdomoni, mama mkwe anafagia uwanja, wenzake wanamwita?

"Daktari alisema kitandani!" Ladislaus akapaza sauti.

"Nilimsikia," Bibiana akasema, machozi yanamtoka. "Nilidhani joto la mtu ni joto lake, litakwenda wapi? Na mama ningemwambia nini?"

Mama akasema, "Lakini mwanangu, mimi sikukukataza."

"Hukunikataza, mama. Ndiyo maana niliona haya kulala wewe unafagia."

Miezi yote ile ya vidonge, yule daktari alikuwa anasoma kilima cha Mkunya! Sasa nani ateke maji? Baiskeli yake ya kubebea mizigo Ladislaus alikwisha kuiuza kwa ajili ya matibabu. Wakanitazama mimi. "Msinitazame," nikasema, "ndoo ya mama na ya kwangu zinanitosha shingo." Ladislaus akachukua ndoo ya mkewe.

Weee! Mngeona siku ya kwanza! Mwanamume mzima katikati ya kundi la wanawake, na kata ya majani ya mgomba kichwani. Alijaribu kuibeba begani kiume, maji yakamwagika yote mgongoni. Wanawake walicheka wakashika miti. "Mke wa Bibiana! Leo umepika nini?" Alicheka nao, akarudi kujaza tena. Mimi nilicheka zaidi yao, ila mmoja aliposema mdogo wangu amelishwa dawa, nilitua ndoo yangu chini na tukasemezana mpaka akaomba radhi.

Maneno hayo yakafika Chiwata. Bibiana siku hizi analala mpaka mchana, mume anatwishwa ndoo! Mzee Cuthbert hakungoja zaidi. Alilala kwa jamaa yake hapo jirani, na kulipopambazuka akabisha hodi. Ndiyo kwanza nimetua ndoo zangu. Mama akatoka akimkaribisha.

"Bibiana!" mjomba akaita.

Kimya.

"Bibiana, ni mimi mjomba wako!"

Kimya. Mjomba wako anaita, umo ndani, huitiki wala huji kupiga goti? Mzee akalivuta pazia la mlango, nami nikachungulia kwapani kwake. Bibiana yuko chali kitandani, kioo kimechomoza midomoni, macho yamemtoka, machozi yanaingia masikioni. Aliinua kidole kimoja tu, kuomba. Nilimwona anavyotaka kukitoa. Shikamoo moja tu, jamani, na asubuhi ile ingeharibika kama zile nyingine.

"Ameharibika kiasi hiki?" mjomba akasema, sauti imepasuka. "Hata salamu? Mama Ladislaus, mfungieni vitu vyake."

Wakati huo Ladislaus akaingia uwanjani. Ndoo kichwani, mikono yote miwili juu, maji yanamchuruzika usoni. Kumwona mkwewe akataka kuinama, akashindwa. Akapiga goti polepole, shingo imekaza, hakumwaga. "Shikamoo, mjomba."

Kwetu mwenye mzigo kichwani hatui peke yake. Aliye karibu humtua. Mimi nilikuwa bado mlangoni nachungulia, mzee ameshageuka kurudi uwanjani. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Aliye karibu alikuwa Mzee Cuthbert. Alimtazama yule mwanamume aliyepiga goti na mzigo wa mkewe, akamtazama sana. Kisha akaishika ndoo kwa mikono miwili, akamtua.

"Marahaba," akasema.

Bibiana akatoka, kioo mkononi, akaanguka magotini. "Shikamoo mjomba, nisamehe mjomba."

"Marahaba. Hicho kidude kinasema nini?"

Ladislaus akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga. "Jana kilikuwa chini. Juzi chini, siku zote hizi chini." Akakisoma tena. "Leo kimepanda."

"Kupanda ndiyo nini?"

"Yai limetoka, mjomba."

Mzee akatazama chini, kushoto, kulia. "Limekwenda wapi?"

Niliangua kicheko, sikuweza kujizuia, na Bibiana akacheka huku analia, na mwisho mzee mwenyewe. Akaomba kikombe, akanywa yale maji aliyoyatua. Nikamuuliza, maana lazima niulize, vile vitu nivifunge? "Vitu gani?" akasema, na akaondoka peke yake.

Mwezi ule hawakupata. Uliofuata pia. Daktari Lukmani hakusimamisha vidonge, maana sasa aliliona yai kwenye nukta, na Ladislaus akaendelea kushuka bondeni mpaka wanawake wakachoka kumcheka. Msimu mwingine wa korosho ulipokaribia, Bibiana akapata mimba. Akazaa binti, Veridiana, na mimi ndiye niliyekwenda mlango kwa mlango kuwaambia majirani jina jipya la wifi yangu. Asiyelitumia, nilimwambia, asinisalimie.

Ladislaus hakuacha kuteka maji. Nani angemwachisha? Mtoto alipojua kutembea akawa anamfuata baba yake mpaka ukingo wa kilima, ana kikopo chake kichwani. Siku moja tumekaa uwanjani, mama mmoja akapita amejitwisha ndoo, anahema. Veridiana akamtazama kwa huruma, akanivuta kanga.

"Shangazi," akaniuliza, "kwani mume wake anaumwa?"